Dira na Bomba: Historia ya Kuhesabu Maji Mijini

Mji unaosambaza maji kwa mabomba huwa na hesabu mbili. Ya kwanza ni ya maji yanayotoka kwenye chanzo au kwenye mtambo wa kusafishia. Ya pili ni ya maji yanayomfikia mteja na kulipiwa. Hesabu hizo hazilingani popote duniani, na tofauti yake, ambayo mamlaka za maji huiita upotevu wa maji, hutokana na mabomba yanayovuja, matenki yanayofurika, dira zinazosoma pungufu na watu wanaojiunganishia kwa siri. Kwa makadirio yaliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 2010, upotevu huo unafikia mita za ujazo bilioni 126 kwa mwaka, karibu asilimia 30 ya maji yote yanayoingizwa kwenye mabomba ya miji. Vihisio, dira zinazotuma namba zenyewe na programu za kompyuta zinazotumika leo ni hatua ya karibuni tu ya juhudi za kuziba pengo hilo. Juhudi zenyewe zina umri wa karibu miaka elfu mbili.

Vitabu vya Roma na vivuli vya Oman

Mwaka 97 B.K. Kaisari Nerva alimteua Sextus Julius Frontinus kuwa msimamizi wa maji ya Roma. Mji ulikuwa ukipata maji kwa mifereji mikubwa tisa, na watumwa 700 walipangiwa kazi ya kuitunza. Frontinus, aliyekuwa amewahi kuwa gavana wa Britania, alianza kwa kupekua vitabu vya idara yake, akakuta kioja. Kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, mifereji yote ilipokea quinaria 12,755 za maji, lakini iliyagawa quinaria 14,018. Mji ulionekana kutoa kuliko ulichopata. Alipokwenda kupima mwenyewe kwenye vyanzo, alikuta maji yamezidi yale ya vitabuni kwa quinaria 10,000 hivi. Ziada hiyo yote ilikuwa ikiishia njiani.

Quinaria ilikuwa kipimo cha tundu la bomba, lenye kipenyo cha sentimita 2.3 hivi. Kila aliyepewa kibali cha kuvuta maji alifungiwa kipande cha bomba la shaba nyeusi chenye muhuri wa serikali. Madini hayo yalichaguliwa kwa sababu ni magumu kupanuliwa, tofauti na risasi iliyotumika kwenye mabomba ya kawaida. Kasoro ya kipimo chenyewe ni kwamba kilihesabu upana wa tundu bila kuhesabu kasi ya maji yanayopita. Frontinus aliifahamu kasoro hiyo bila kuwa na njia ya kuirekebisha.

Alichokiweza ni kuwafuatilia wezi. Chini ya barabara za Roma kulikuwa na mabomba ya siri yaliyotobolewa na mafundi wenyewe kwa malipo ya wenye maduka na nyumba. Frontinus aliyang'oa, na risasi iliyopatikana ikawa nyingi kiasi cha kuandikwa kama faida. Kisha aliagiza mifereji yote ichorwe kwenye ramani, ili msimamizi aweze kuiona bila kutoka ofisini. Kitabu, kipimo chenye muhuri, ramani na ukaguzi wa ghafla: vitu hivyo vinne bado ndivyo msingi wa kazi hiyo hadi leo.

Oman ilifuata njia nyingine. Katika mfumo wa falaj, unaoleta maji ya mlimani hadi mijini na mashambani kwa mifereji, maji yaligawanywa kwa muda. Kipimo chake, athar, ni takriban nusu saa. Mwenye athar mbili alifunguliwa mkondo kwa saa moja, kisha zamu ikaenda kwa mwingine. Mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, usiku kwa kuchomoza kwa nyota zilizojulikana. Falaj Daris ya Nizwa ni mojawapo ya tano zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Nguvu ya mfumo huo ilikuwa uwazi: kila mwenye zamu aliweza kukiona kivuli kwa macho yake, na hakuwepo karani aliyejua peke yake nani amepata kiasi gani.

Gurudumu ndani ya bomba

Miji ya Ulaya ilipoanza kuuza maji kwa mabomba, haikuyapima. Kampuni ya New River, iliyofikisha maji London mwaka 1613, ilitoza kila nyumba ada. Mtindo huo haukuwa na ubaya mkubwa maadamu maji yalitoka saa chache kwa siku, na nyumba nyingi hazikuwa na vyoo vya maji wala bafu. Karne ya 19 iliubadilisha mji. Viwanda vilihitaji maji mengi, kipindupindu kilizilazimu serikali kusambaza maji safi kwa wote, na wahandisi wakahitaji kujua kila tone linakwenda wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1850, William Siemens, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, alisajili dira ya maji inayofanya kazi kwa gurudumu. Maji yanayopita husukuma mapezi ya gurudumu dogo, gurudumu huzungusha magurudumu ya meno, na meno husogeza namba kwenye uso wa dira. Wakati huohuo Thomas Kennedy wa Kilmarnock, Uskoti, alitengeneza dira ya pistoni inayojaa na kumwaga kiasi kilekile kila inapopanda na kushuka. Dira nyingi za nyumbani zilizofungwa mijini katika miaka mia moja na hamsini iliyofuata ni wazawa wa aina hizo mbili.

Kwa mabomba makubwa dira ya gurudumu haikufaa. Mwaka 1887 Mmarekani Clemens Herschel alitatua tatizo hilo kwa kulibana bomba katikati. Maji yanapopita penye kiuno hicho huongeza kasi, na presha yake hushuka. Mhandisi akipima tofauti ya presha anapata kiasi cha maji, bila kuweka kitu chochote kinachozunguka ndani ya bomba. Herschel aliipa dira yake jina la Giovanni Battista Venturi, mwanasayansi wa Kiitaliano aliyelieleza jambo hilo mwaka 1797. Kuanzia hapo hesabu zote mbili za mji ziliweza kupatikana kwa vyombo: Venturi kwenye bomba kuu, gurudumu mlangoni mwa mteja.

Usiku wa Liverpool

Hatua iliyokaribia zaidi teknolojia ya leo ilipigwa Liverpool. Katika miaka ya 1870 mji huo ulikuwa na uhaba na ulikuwa ukitoa maji kwa mgao. Mhandisi wa mji, George Deacon, hakuamini kwamba wakazi walikuwa wanayatumia maji yote yaliyopotea. Mwaka 1873 alibuni chombo cha kufungwa kwenye bomba linalolisha mtaa mzima. Ndani yake kulikuwa na kisahani kilichosukumwa na maji, na kisahani kilivuta kalamu juu ya karatasi iliyozungushwa na saa. Karatasi ilichorwa mstari wa matumizi ya mtaa kwa saa ishirini na nne.

Ujanja wake ulikuwa kuusoma mstari wa usiku. Watu wanapolala mabomba yanapaswa kutulia, kwa hiyo maji yanayoendelea kupita saa nane au saa tisa za usiku mengi ni ya uvujaji. Mtaa ulioonekana na mstari mrefu usiku ulipelekewa wakaguzi, ambao walipita wakifunga valvu za barabarani moja baada ya nyingine na kuandika saa ya kila kufunga. Kesho yake karatasi ilisomwa: dakika ambayo mstari ulishuka ghafla ilitaja valvu, na valvu ilitaja bomba bovu. Kwa kazi hiyo Liverpool iliweza kurudisha maji ya saa zote bila kusubiri chanzo kipya.

Mbinu ya Deacon ina sehemu tatu: kuugawa mji katika maeneo, kuweka dira kwenye mlango wa kila eneo, na kuyatazama maji ya usiku. Mwaka 1980 ripoti iliyoandaliwa Uingereza kuhusu udhibiti wa uvujaji iliifanya kuwa utaratibu wa kawaida nchini humo, na baadaye ikaenea duniani. Programu za leo zinazotangazwa kuwa na akili bandia nazo huanza kwa kulinganisha maji ya usiku wa leo na ya usiku uliopita.

Kompyuta inaingia

Kabla ya kompyuta, kujua maji yatapitaje kwenye mtandao wa mabomba yaliyoungana kama wavu ilikuwa kazi ya siku nyingi. Mwaka 1936 Hardy Cross wa Chuo Kikuu cha Illinois alichapisha njia ya kukisia mikondo, kukokotoa kosa, kusahihisha na kurudia hadi kosa liishe. Njia hiyo ilifanywa kwa penseli kwa miaka mingi. Baadaye ikapewa kompyuta, na mwaka 1993 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilitoa EPANET, programu ya bure inayoonyesha presha na mwendo wa maji katika kila bomba la mji. Wahandisi wa nchi maskini na tajiri walipata chombo kimoja.

Vyombo vya kusikiliza navyo vilibadilika. Fundi wa zamani alitembea usiku na fimbo ya chuma au ya mti, akiweka ncha moja kwenye valvu na nyingine sikioni. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza walitengeneza kifaa chenye masikio mawili yanayowekwa kwenye ncha mbili za bomba. Sauti ya maji yanayovuja hufika kwenye sikio la karibu kabla ya la mbali, na kutokana na tofauti ya muda kifaa hukokotoa mahali pa kuchimba.

Dira zenyewe ziliacha kutegemea gurudumu. Katika dira ya mawimbi ya sauti, kifaa kimoja hutuma wimbi kufuata mkondo na kingine hutuma kinyume chake. Linalofuata mkondo hufika mapema, na tofauti hiyo, ndogo kuliko kupepesa jicho, hutoa kasi ya maji. Dira ya sumaku ilikuwa na historia ndefu zaidi. Michael Faraday alijaribu mwaka 1832 kupima mto Thames kwa njia hiyo kwenye daraja la Waterloo akashindwa, na dira za kuuzwa zilipatikana katika miaka ya 1950. Zikifungwa redio na betri inayodumu miaka kumi au zaidi, dira hizi hutuma namba kila saa bila msomaji kufika mlangoni. Valvu nazo huamriwa kupunguza presha usiku, kwa kuwa bomba lililopasuka huvuja zaidi kadiri presha inavyopanda.

Lugha ya kuhesabia nayo ilihitaji kuwekwa sawa, maana kila mji ulikuwa na tafsiri yake ya upotevu. Mwaka 2000 Chama cha Kimataifa cha Maji kilitoa jedwali moja la mizania. Humo maji yanayovuja ardhini yalitengwa na maji yaliyotumika bila kulipiwa, kwa sababu la kwanza hutibiwa kwa fundi na la pili kwa karani au polisi.

Phnom Penh

Mji unaotajwa zaidi katika historia hii haukuwa tajiri. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, uliondolewa wakazi wake kwa nguvu chini ya utawala wa Khmer Rouge kati ya 1975 na 1979, na mabomba yake yakaachwa yaoze. Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ya maji mwaka 1993, asilimia 72 ya maji ilikuwa ikipotea. Mafundi wa mamlaka waliuza miunganisho ya siri, na wakubwa serikalini na jeshini hawakulipa.

Kazi ilianza kwa sensa ya wateja nyumba kwa nyumba. Kila muunganisho ulifungiwa dira, mabomba ya zamani yakabadilishwa, mji ukagawanywa katika maeneo yanayofuatiliwa kwa vyombo vya presha na mtiririko, na aliyefichua muunganisho wa siri akapewa zawadi. Watumishi walioshirikiana na wezi walifukuzwa, na waliofanya vizuri wakapandishwa mishahara. Wakubwa waliokataa kulipa walikatiwa maji. Kufikia mwaka 2008 hivi upotevu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 6, chini ya miji mingi ya Ulaya, na maji yalitoka saa ishirini na nne. Mwaka 2010 mamlaka hiyo ilipewa tuzo ya viwanda ya maji ya Stockholm. Vyombo vilivyotumika vilinunuliwa na miji mingine mingi. Kilichokuwa adimu ni mkuu aliyeruhusiwa kumkatia maji jenerali.

Nairobi na Dar es Salaam

Katika Afrika Mashariki jibu la uhaba kwa karne nzima lilikuwa kwenda mbali zaidi. Nairobi, iliyoanza kama kituo cha reli mwaka 1899, ilitumia kwanza mto uliokuwa karibu na chemchemi za Kikuyu, ikafuata Ruiru, kisha bwawa la Sasumua lililokamilika mwaka 1956, halafu bwawa la Ndakaini la mwaka 1994 lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70 hivi. Baada ya hapo likachimbwa handaki la karibu kilomita 12 huko Murang'a. Dar es Salaam ilitoka kwenye visima hadi mtambo wa Ruvu Juu mwaka 1959 na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mitambo yote miwili ilipanuliwa katika miaka ya 2010.

Mabomba ya usambazaji hayakukua kwa kasi hiyo. Katika mitaa iliyojengwa bila kupimwa, mabomba membamba ya plastiki yalipita juu ya mitaro na chini ya nyumba, yakiungwa na mafundi wasio na kibali. Wakazi walinunua kwa dumu kutoka kwa wenye mikokoteni au kwa boza, kwa bei iliyozidi mara nyingi ile ya ankara. Nairobi ilikuwa ikipoteza takriban asilimia 40 ya maji yake katika miaka ya 2010. Mageuzi ya kuunda mashirika yanayojiendesha, Kenya kwa Sheria ya Maji ya 2002 na Dar es Salaam kwa mkataba na kampuni binafsi uliodumu kuanzia 2003 hadi 2005, yaliligusa suala la nani ataendesha. Nini kinapotea wapi, hilo lilisubiri vyombo.

Chombo kilichofika kwanza kwa mwananchi kilikuwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na ankara ya maji ikawa mojawapo ya malipo ya kawaida yanayofanywa kwa simu. Kampuni ya maji ya Nairobi ilianzisha Jisomee Mita, huduma inayomwezesha mteja kusoma mita yake, kutuma namba kwa simu na kupata deni lake papo hapo. Mwaka 2015 vioski vya kujihudumia kwa kadi vilifunguliwa Mathare, ambako lita 20 ziliuzwa kwa nusu shilingi ya Kenya. Tanzania nayo, kuanzia 2017, ilielekeza malipo ya taasisi za umma kwenye mfumo mmoja wa serikali unaotoa namba ya kumbukumbu kwa kila ankara, hivyo fedha haikupitia mikononi mwa msomaji dira.

Mazingira ya miji hii yaliwapa wahandisi tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havikulijali sana. Panapokuwa na mgao, mabomba hujaa hewa, na maji yanaporudi hewa hiyo husukumwa mbele na kuzungusha dira ya gurudumu, kwa hiyo mteja hutozwa upepo. Kwa upande mwingine, tenki la juu ya paa linalojaa polepole hupitisha maji kidogokidogo kiasi ambacho dira ya kawaida haikisomi. Dira ya mawimbi ya sauti hupunguza kasoro ya pili, lakini ya kwanza huisha pale tu maji yanapotoka bila kukatika.

Nani anamhesabu nani

Dira inayoongea na ofisi inaweza pia kuamriwa kufunga. Nchini Uingereza vifaa vya maji ya kulipia kabla vilikataliwa na mahakama mwaka 1998, na sheria ya 1999 ikazuia kumkatia maji mkazi kwa sababu ya deni. Afrika Kusini iliamua vingine. Wakazi wa Phiri, Soweto, walizipinga mahakamani dira za kulipia kabla, lakini mwaka 2009 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba dira hizo pamoja na kiwango cha bure cha lita 25 kwa mtu kwa siku havikuvunja katiba. Mabishano hayo hurudi kila mji unapofunga dira za aina hiyo, kwa kuwa mashine hukata bila kuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Ukame wa Cape Town ulionyesha matumizi mengine ya takwimu. Mwanzoni mwa 2018, mji ulipokuwa ukishusha kikomo cha kila mtu hadi lita 50 kwa siku, manispaa ilichapisha kwenye intaneti ramani iliyoweka alama ya kijani kwenye nyumba zisizovuka kiwango. Wengine waliona ni kuwaanika watu mbele ya majirani. Ramani hiyo, pamoja na bei mpya, presha iliyopunguzwa na hofu ya mabomba kukauka, ilichangia kushusha matumizi ya mji kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na kabla ya ukame.

Usalama ni suala jipya zaidi. Mwaka 2000 huko Maroochy, Queensland, Australia, mtu aliyewahi kuifanyia kazi kampuni iliyofunga mfumo wa majitaka alitumia redio na kompyuta kuamrisha pampu, na mamia ya maelfu ya lita za majitaka yakamwagika kwenye bustani na mito. Aliifahamu mitambo hiyo kwa sababu ya kazi yake ya zamani, na mfumo haukuwa na njia ya kutambua kwamba anayeamrisha si mhusika. Tukio hilo bado hufundishwa kwa wahandisi wa maji, maana kila valvu inayofunguliwa kwa mbali na mwenyewe inaweza kufunguliwa kwa mbali na mwingine.

Historia ya kuhesabu maji inaonyesha kwamba vyombo vimepata kasi bila kubadilisha swali. Frontinus alitumia miezi kujua kilichopotea, Deacon usiku mmoja, na chumba cha udhibiti cha leo hujua kwa dakika. Hatua inayofuata, ya kuchimba, kubadilisha bomba, kumwadhibu fundi anayeuza miunganisho na kumdai asiyezoea kudaiwa, haijawahi kufanywa na dira. Miji iliyopunguza upotevu ni ile iliyokuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuichukua hatua hiyo kila namba ilipotokea. Miji iliyonunua vyombo bila kumpa mtu mamlaka hayo imebaki na takwimu sahihi za maji yanayopotea.